Shrek ya kwanza, Shrek 2 au Hoodwinked: uwawekee ipi madogo likizo hii?

Likizo ya Juni nyumba ya dada pale Nkuhungu ilijaa mpaka basi, watoto wake watatu, wawili wa upande wa shemeji waliokuja na SGR kutoka Dar, na mama mzazi naye akapanda gari kutoka Mpwapwa kuja kuwaona wajukuu. Na mwezi wa 6 Dodoma mnaijua, kile kiupepo kinaanza saa kumi na moja jioni na vumbi lake, saa kumi na mbili hakuna mtoto anayetaka kukaa nje, wote wako sebuleni wamejifunika mablanketi wanagombania rimoti. Mimi ndo anko mwenye projekta (niliinunua kwa ajili ya mpira, msinicheke), kwa hiyo kazi ya kuchagua muvi ikaniangukia mimi.

Nikasema wacha niwawekee zile za enzi zetu, zile katuni zinazochukua ngano za kizungu, za mabinti wa mfalme na mazimwi na mbwa mwitu, halafu zinazigeuza kichwa chini miguu juu. Nikabaki na tatu: Shrek ya 2001, Shrek 2 ya 2004, na Hoodwinked ya 2005. Tukaziangalia zote ndani ya wiki moja, jopo la majaji lilikuwa na watu wa miaka minne mpaka sabini na kitu, na leo nawapa majibu maana najua kuna anko na shangazi wengine wako kwenye hali kama yangu.

Kwanza kuna kitu lazima nikiseme, bila hicho ulinganisho wote hauna maana. Hizi muvi ni za utani, na utani unataka ujue kinachotaniwa. Mtoto wa Marekani alishaijua Snow White na Cinderella kabla hajaenda shule, kwa hiyo akiona zinageuzwa anacheka hapo hapo. Sisi je? Mimi Shrek nimeiona Chang'ombe kwenye banda la video, miaka ya 2003, 2004 hivi, kiingilio shilingi mia, mabenchi ya mbao, TV ya chogo imewekwa juu ya kabati, na jamaa mmoja kashika maiki anatafsiri. Enzi zile Lufufu ndo alikuwa mfalme wa kutafsiri muvi nchi hii na kila banda lilikuwa na Lufufu wake wa kuiga. Cinderella nilikuwa simjui. Snow White simjui. Yaani mimi utani niliuona kwanza, hadithi yenyewe inayotaniwa nikaja kuisoma nikiwa sekondari, na nikaiona haichekeshi, nikawa najiuliza hivi huyu binti mbona anasubiri tu?

Lakini tulicheka. Tulicheka mpaka benchi likaanguka. Kwa sababu mtafsiri wetu alipofungua tu mdomo alisema, "Hili hapa ni zimwi, na leo zimwi ndo stelingi." Basi imekwisha hiyo. Zimwi tulikuwa tunalijua. Zimwi la kwenye hadithi za bibi ni la kula watu, lina njaa muda wote, ukilisikia unakimbia, na msemo upo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, maana yake hata likikupenda litakubakiza kidogo tu. Sasa leo zimwi linaoga matope, lina choo chake, linataka tu liachwe peke yake kwenye kinamasi chake, halafu wanakuja watu wa serikali kulijazia wageni uani. Huo utani haukuhitaji Disney hata kidogo.

Kwa hiyo baada ya kuziangalia zote tena nimegundua kila moja kati ya hizi tatu ina mlango wake wa kuingilia kwa mtu wa huku. Shrek ya kwanza mlango wake ni zimwi. Shrek 2 ni ukweni, na mganga. Hoodwinked ni sungura. Chagua kutokana na nani yuko sebuleni na mlango upi anaujua, hayo mambo ya nyota ngapi kwenye intaneti achana nayo.

Tuanze na Shrek yenyewe. Imetokana na kitabu cha picha cha William Steig cha mwaka 1990, wakatengeneza DreamWorks, dakika 90, na ndo muvi ya kwanza kabisa kupewa Oscar ya katuni ndefu, mwaka 2002, kabla ya hapo hicho kipengele hakikuwepo. Hadithi fupi: mtawala mmoja mfupi, Farquaad, anafukuza viumbe wote wa kwenye ngano, wanakwenda kumwagwa kwenye kinamasi cha Shrek, Shrek anakwenda kulalamika anapewa masharti, nenda kamlete binti Fiona kwenye mnara wenye joka nikurudishie eneo lako. Mgogoro wa ardhi kabisa. Mtu wa Dodoma aliyewahi kufuatilia kiwanja anaelewa kila sekunde.

Ule mji wa Farquaad, msafi mno, wenye reli za kupangia foleni na madoli yanayoimba sheria za mji, ukiwa mtoto unaona ni kichekesho tu. Ukikua ukajua kwamba mmoja wa mabosi wa DreamWorks, Jeffrey Katzenberg, aliondoka Disney mwaka 1994 kwa ugomvi, ndo unaelewa kwamba pale kuna mtu anarushiwa dongo, maana huo mji ni bustani ya michezo ya Disney tupu. Madogo hawajui hilo na hawana haja ya kulijua.

Ila kuna kipande kimoja ndo kipimo changu cha muvi nzima. Asubuhi Fiona anatembea msituni anaimba, ndege mmoja wa bluu yuko kwenye kiota anaitikia, kama kawaida ya mabinti wa mfalme kuimba na ndege. Fiona anapandisha sauti, ndege naye anapandisha, Fiona anapandisha tena, ndege anavimba, anavimba, pwaa, yamebaki manyoya na miguu. Fiona anayaangalia mayai kwenye kiota. Picha inayofuata mayai yanakaangwa juu ya jiwe. Mimi na dada tulicheka mpaka machozi, wale wawili wa Dar wakacheka kwa sababu ndege kapasuka, na yule mdogo wa miaka minne akageuka akaniuliza, "Anko, sasa hayo mayai mama yao kafa?" Nikakosa jibu. Dada akasema unaona sasa. Kwa hiyo kama una mtoto mwenye huruma sana jiandae hapo, na pale wanapomtesa yule mtu wa biskuti kwa kumkata miguu na kumchovya kwenye maziwa.

Punda je? Punda ndo muvi. Sisi tumekua tunaambiwa shukrani ya punda ni mateke, punda kwetu ni wa kubeba madumu ya maji, ukienda Bahi au vijijini Chamwino unawaona wamejipanga kisimani, hakuna mtu aliyewahi kukaa akafikiria punda ana la kusema. Huyu anasema kutoka mwanzo mpaka mwisho, sauti ya Eddie Murphy, na kajialika mwenyewe nyumbani kwa mtu, siku hiyo hiyo anataka kulala ndani, wala hakusubiri ile siku ya tatu ya kupewa jembe. Mama yangu, ambaye Kiingereza hajui hata neno, alicheka kwa punda peke yake. Na kile kipande cha Shrek kujifananisha na kitunguu, kwamba ana matabaka, nilimtafsiria mama akasema hapo kasema kweli, akaanza kutueleza bei ya vitunguu vya Singida mwaka huu, tukasimamisha muvi dakika tano.

Udhaifu wake ni picha. Mwaka 2001 ile ilikuwa maajabu, leo ukiiweka kwenye ukuta kwa projekta, watu wa kawaida, yaani binadamu, wanaonekana kama mdoli wa dukani, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta ya mgando. Zimwi na punda wako poa, binadamu ndo tatizo. Madogo waliozoea katuni za siku hizi watasema kidogo halafu watasahau.

Shrek 2 sasa. Hii hapa wakubwa wengi wanasema ndo bora kuliko zote na mimi sibishani nao sana. Zimwi keshaoa, sasa anaitwa ukweni. Hiyo tu. Nani hapa hajawahi kwenda ukweni mara ya kwanza, unavaa shati linalokubana, unapita dukani unanunua vitu ambavyo hata hujui kama wanakula, unafika baba mkwe anakuangalia kuanzia viatu? Kile kipande cha mezani, wote wamekaa kwa adabu, mazungumzo yanaanza kwa upole, halafu baba mkwe na mkwe wanaanza kurushiana maneno huku kila mmoja anararua nyama kwa hasira, mpaka mwisho chakula kinaruka hewani na watu wanaitana majina. Shemeji yangu alikuwa amekaa pembeni ya mama mkwe wake siku hiyo hiyo. Hakucheka kwa sauti. Nilimuona mabega yanatikisika tu.

Halafu mganga. Yule mama mwenye mabawa anayekuja kumsaidia Cinderella kwenye hadithi ya zamani, hapa wamemgeuza mfanyabiashara, ana kiwanda cha dawa, ana mapokezi, ana foleni ya wateja, ana kadi za mawasiliano, anauza dawa ya mapenzi, dawa ya uzuri, na anataka kuvunja ndoa ya watu ili mwanaye aoe. Mama alipomuona ofisini kwake akasema, "Huyu si ndo wale wa kwenye nguzo za umeme?" Yaani yale matangazo ya kurudisha mpenzi ndani ya masaa 24, yamebandikwa kuanzia Sabasaba mpaka Majengo. Kuanzia hapo mama hakusinzia tena. Na mwishoni huyo mganga anapanda jukwaani kuimba (Jennifer Saunders kaimba mwenyewe) wakati Shrek na wenzake wanavamia kasri na biskuti kubwa kama nyumba, wimbo na vita vinakwenda sambamba, hapo nyumba nzima ilikuwa imesimama, hata wa miaka minne. Kwa upande wa muziki hakuna kati ya hizi tatu inayoigusa.

Na paka. Paka mwenye kofia na buti, sauti ya Antonio Banderas, anakuja kama muuaji wa kukodiwa halafu anavua kofia anatoa yale macho. Huyo paka ametoka mbali, yumo kwenye kitabu cha Charles Perrault wa Ufaransa cha mwaka 1697, kitabu hicho hicho chenye Cinderella na binti wa kofia nyekundu, kwa hiyo Shrek 2 na Hoodwinked ukitazama vizuri zimechota kisima kimoja.

Ubaya wa Shrek 2 ni kwamba nusu ya utani wake unaitania Hollywood kuliko ngano. Ufalme wenyewe ni Beverly Hills, zulia jekundu, maduka ya majina makubwa yaliyogeuzwa herufi, kipindi cha polisi cha televisheni. Hapo madogo watakaa kimya na wewe utacheka peke yako au hutacheka kabisa. Na kwenye hicho kipande cha polisi paka anakamatwa na kifuko cha majani makavu, ni majani ya paka tu yale, lakini mpwa wangu wa miaka kumi akasema kwa sauti, "Aah, bangi!" na dada akaniangalia mimi kana kwamba nimeileta mimi.

Hoodwinked. Hii wengi hamuijui na ndo sababu hasa ya kuandika haya yote. Kwanza kubalini mapema kwamba ni mbaya kwa macho. Shrek ilitengenezwa kwa dola milioni 60, hii haikufika milioni 10, na kazi ya kuchora iliendeshwa Manila, Ufilipino, na timu ndogo, na inaonekana, nyuso ngumu, manyoya kama zulia la plastiki, mikono inakwenda kama ya roboti. Dakika tano za kwanza watoto wa Dar walitaka kuitoa. Nikawaambia tulieni. (Na bado iliingiza zaidi ya dola milioni 100 majumba ya sinema, kwa hiyo vijana mnaofanya animesheni hapa nyumbani mnaosema hamna mitambo, sijasema kitu.)

Yenyewe inachukua hadithi moja tu, ile ya binti mwenye kofia nyekundu anayempelekea bibi yake chakula akakuta mbwa mwitu kavaa nguo za bibi. Na hii ndo faida yake kubwa, hadithi moja, unawasimulia madogo kwa dakika mbili kabla ya kubonyeza, wote mko sawa. Halafu muvi inaanzia pale mwisho, mbwa mwitu kitandani, binti kashtuka, bibi katoka kabatini kafungwa kamba, mkata miti kavunja dirisha kaingia na shoka. Polisi wanafika. Na kuanzia hapo ni maelezo tu, mmoja baada ya mwingine, binti anasema yake, mbwa mwitu yake, mkata miti yake, bibi yake, kisa kile kile mara nne. Kurosawa wa Japani alishafanya hivyo kwenye Rashomon mwaka 1950, lakini mimi nilichokiona ni kesi kwa mwenyekiti wa mtaa. Kabisa. Kila mtu akija anaonekana hana kosa, mpaka anayefuata aongee.

Na kila mmoja siye uliyedhani. Mbwa mwitu ni mwandishi wa habari za uchunguzi. Mkata miti hajawahi kukata mti, ni muigizaji anayetafuta nafasi kwenye tangazo la dawa ya miguu, kazi yake ya kila siku ni kuuza vinyama vya kwenye kijiti na gari lake, muuza mishikaki tu kama hawa wetu wa jioni. Bibi ndo usiseme, bibi mchana anapika keki na usiku anashindana michezo ya hatari kwenye theluji. Mama alipenda sana bibi. Na kuna mbuzi mmoja wa mlimani aliyelogwa, hawezi kuongea bila kuimba, ana pembe za kubadilisha badilisha kama bisibisi, wiki nzima baada ya hapo watoto walikuwa hawaombi chai, wanaiimba.

Sasa mlango wake. Kuna mwizi anaiba mapishi ya watu msituni na hajulikani. Hapa kama hujaiona ruka aya hii. Tumefika robo tatu, umeme ukakata. Projekta imezima, laptopu yangu betri ilishakufa zamani, giza. Watoto wanalalamika, mpwa mkubwa akasema basi tukisie mwizi ni nani. Mmoja akasema mbwa mwitu, mwingine bibi, mwingine yule chura mpelelezi. Mama kwenye kona yake, ambaye alikuwa anapata tafsiri yangu ya kuungaunga tu, akasema, "Ni yule sungura." Tukamuuliza mama umejuaje, sungura mwenyewe mdogo, mpole, yuko kila mahali anasaidia watu. Akasema, "Ndo hivyo hivyo. Sungura yuko kila mahali kwa nini?" Umeme uliporudi saa tatu tukamalizia. Ni sungura. Watoto wa Marekani yule sungura aliwashtua, mama yangu aliyekulia hadithi za Sungura na Fisi hakuhitaji hata Kiingereza.

Udhaifu mwingine wa Hoodwinked ni maneno. Ni muvi ya kuongea. Kuna kindi mmoja akinywa kahawa anaongea mpaka huwezi kutafsiri, na mimi nilikuwa natafsiri kila kitu kwa sauti, nikakauka koo kabisa. Shrek 2 unaweza kuiacha picha iongee, hii huwezi. Na mtoto chini ya miaka sita atapotea, wa kwetu alipoona bibi yuko kabatini mara ya pili akauliza, "Anko, mbona imerudi?" Angalizo pia, ukienda kwa watu wa kuweka muvi kwenye flashi sema ni ile ya 2005. Mimi mara ya kwanza nilipewa ya pili, ya 2011, hata sauti ya binti si ile ya Anne Hathaway, nikagundua nimeshafika nyumbani, na hiyo wala usihangaike nayo.

Nyingine haraka haraka kwa sababu najua mtaniuliza. Shrek ya tatu, 2007, ruka. Ya nne, 2010, sawa kama mvua inanyesha na huna cha kufanya. Happily N'Ever After, hapana. Enchanted ya 2007 ni nzuri lakini katuni ni mwanzoni tu, baada ya hapo ni watu. Ile ya paka ya 2022, The Last Wish, picha yake inazifunika zote tatu, paka aliyeringia roho ya paka mpaka amebakiwa na moja, anafuatwa na mbwa mwitu mwenye mundu mbili anayepiga mluzi, lakini huyo mbwa mwitu ni kifo chenyewe na mluzi ule wa kwetu wa miaka minne angeusikia usiku mzima. Miaka tisa kwenda juu. Na kama kuna mtu atakuletea ile Red Hot Riding Hood ya Tex Avery ya 1943, ile ambayo binti wa kofia nyekundu ni mwimbaji wa klabu na mbwa mwitu macho yanamtoka nje ya kichwa, hiyo ni yenu wakubwa, watoto wakishalala.

Kwa hiyo. Una watoto wadogo na hakuna wa kuwatafsiria, weka Shrek ya kwanza, punda atakusaidia. Una madogo wa darasa la tatu mpaka form two wanaojiona wajanja, weka Hoodwinked, wasimulie kwanza ile hadithi ya asili, wawekee daftari waandike nani mwizi. Una nyumba iliyochanganyika, wakwe, mashemeji, bibi, watoto, kelele, sahani zinapita, Shrek 2 bila kufikiri mara mbili. Moyo wangu mimi uko kwa Hoodwinked, lakini moyo haubebi sebule ya watu tisa.

Jumamosi wanaondoka, treni ya mchana. Ijumaa usiku nilitaka kuwarudishia Hoodwinked, mama akakataa, anamtaka mganga.